Nyasi Nazo Zina Majina: Vita katika Vitabu vya Picha vya Watoto

Methali ya tembo wawili na nyasi imesemwa mara nyingi mno hata makali yake yamekuwa butu. Kila vita vinapozuka huletwa, kisha msemaji hunyamaza kana kwamba amekwisha kuwalilia walioumia. Ina dosari moja: nyasi hazina jina, hazina umri, wala hazina mama anayezingojea jioni. Aliyeumia ametajwa, hakuonyeshwa. Hapo ndipo kitabu cha picha kinapopata kazi yake, na hapo hapo ndipo kinapopata hatari yake.

Tuitazame Kanazi, kusini ya mji wa Bukoba, mahali pa migomba na mibuni, palipo na ikulu ya Omukama Kahigi wa Kihanja, aliyekuwa rafiki wa Wajerumani. Mwezi Juni 1915 Waingereza waliuvamia mji wa Bukoba na kuupora. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka. Tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa nchi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda, na siku mbili baadaye daraja la Kyaka likabomolewa. Raia wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa, na makumi ya maelfu wakayahama makazi yao. Mwaka 1994 mto huo huo ulibeba maiti za waliouawa Rwanda hadi Ziwa Viktoria, na watu wa pwani za ziwa wakaacha kula samaki. Mtoto wa darasa la tatu wa Kanazi hakuona hata moja katika hayo. Lakini hulala katika nyumba za walioyaona, na husikia jinsi mazungumzo yanavyokatika anapoingia.

Huyo mtoto vita vya Kagera vimemfikiaje? Aghalabu kwa maneno matatu ya hotuba ya Mwalimu Nyerere, sababu, nia na uwezo. Kwa neno “nduli”. Na kwa tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilipotekwa. Hayo si uongo. Lakini ni habari za tembo. Hata tendi za nanga za Wahaya, ambazo M. M. Mulokozi alizichunguza kwa kina, humfuata shujaa: zinakijua kifo na hazimfichi msikilizaji damu, ila jicho lao liko kwa yule ashikaye mkuki. Aliyechomewa nyumba njiani hupitwa tu.

Ulaya nayo ilikawia kulitazama jambo hili. Maangamizi ya Wayahudi yaliua watu wapatao milioni sita, na kati yao watoto wapata milioni moja na nusu. Hata hivyo ilipita miaka arobaini tangu vita kwisha ndipo Roberto Innocenti, mchoraji wa Kitaliano aliyezaliwa mwaka 1940, alipotoa *Rose Blanche* mwaka 1985. Ni kisa cha msichana wa Kijerumani anayefuata gari la askari, akagundua watoto wenye njaa nyuma ya seng’enge, akawa anawapelekea chakula chake kwa siri. Jina lake linawakumbusha wanafunzi wa Munich wa kundi la Waridi Jeupe, ambao viongozi wao waliuawa mwaka 1943. Rangi za kitabu ni za matope na matofali; utepe mwekundu kichwani mwa msichana ndio unaolivuta jicho kutoka ukurasa hadi ukurasa. Anapokufa, mwili wake hauchorwi. Kuna ukungu, kisha utepe haupo tena.

Kwa mfasiri, fundisho kubwa la kitabu hicho limo katika sarufi. Maneno ya mwanzo husemwa na msichana mwenyewe. Akishaiona kambi, sauti yake hutoweka, na mwingine huendeleza kisa kwa niaba yake. Katika toleo la Uingereza, lililoandikwa upya na Ian McEwan, badiliko hilo halipo: tangu mwanzo msichana husimuliwa. Kwa Kiswahili badiliko lenyewe ni silabi moja: “ni-” inakuwa “a-”. Nilikwenda, alikwenda. Mfasiri asiyeilinda silabi hiyo amemuua msichana kabla ya wakati wake.

Hata hivyo kitabu hicho kina kasoro mbili. Watoto walio nyuma ya seng’enge hawana majina wala maneno. Mwenye hadithi ni yule aliyewahurumia. Tumerudi kwa nyasi. Tena mwishoni majira ya kuchipua yanafunika kila kitu kwa maua, kana kwamba ardhi imekwisha kusamehe kwa niaba ya watu. Toshi Maruki, katika *Hiroshima no Pika* ya mwaka 1980, alikataa faraja hiyo. Mtoto wake, Mii mwenye miaka saba, ana jina, ana wazazi, na alikuwa akila alipopigwa na mwanga wa bomu. Miaka inapita lakini hakui. Hakuna ua linalokuja kumfunika. Picha za Maruki zinatisha kuliko za Innocenti, kwa maana zinaonyesha miili. Lakini mtoto anayezitazama ana mkono wa kushika tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni mkono wa mama anayembeba mumewe na kumkimbiza mwanawe.

Msomaji wa mwambao asidhani kwamba kambi za Hitler ni habari za watu wengine. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari wa Kijerumani, na alivishwa sare ya jeshi hilo angali mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara iliyobaki. Huko akaigiza filamu na kufundisha Kiswahili. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akafa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mwalimu wa lugha hii hii alifia huko. Kisa chake kinamfaa mchoraji kuliko visa vingi: mtoto aliyevishwa nguo ya vita, akatumikia, akadai haki yake, akaangamizwa na dola lile lile lililomvisha.

Vipi basi kichorwe kitabu cha vita kwa ajili ya Kanazi? Kwanza, mwenye hadithi awe mtoto aliyekimbia, naye awe na jina la Kihaya na mzigo unaojulikana: mkeka, sufuria, mdogo wake mgongoni. Pili, daraja la Kyaka lionekane kwa macho ya aliyepaswa kulivuka. Tatu, askari wa Uganda achorwe mtu, si nduli. Hili ndilo zito kuliko yote, kwa maana mpaka ule huvukwa na wachumba na wafanyabiashara, na mtoto aliyefundishwa kumwona jirani kuwa dubwana hakufundishwa habari za vita. Ametayarishwa kwa vita. Rwanda ya mwaka 1994 ilionyesha mtu anaweza kufanywa nini pindi anapokwisha kuitwa mdudu. Nne, maiti za mtoni zisichorwe. Achorwe mvuvi anayeirudisha nyavu nyumbani ikiwa kavu, na mtoto anayeuliza kwa nini leo hakuna samaki.

Kitabu cha namna hiyo hakisomwi peke yake. Picha huuliza, nayo haijibu. Kwa hiyo pembeni ya mtoto lazima aketi mkubwa aliye tayari kusema aliyoyaona au aliyosimuliwa. Wale waliokuwa watu wazima mwaka 1978 wanapungua kila mwaka. Wachoraji wetu wakichelewa, vita vya Kagera vitabaki na tarehe zake zote, na jina la msichana aliyebeba sufuria hakuna atakayelijua.