Dume Alikuwa Kazini

Nisizunguke mbuyu. Dume yule wa samaki aina ya beta hakupaswa kutolewa usiku ule, na yote yaliyofuata katika sehemu ya tatu na ya nne ya video ya mfugaji wake, pamoja na malalamiko kuhusu maji ya bomba, yametokana na wavu ulioingia tangini saa tano usiku. Nimesikia watu wakimsifu mfugaji kwamba aliwaokoa vifaranga. Aliwaokoa na nani? Na baba yao, ambaye saa ile ndiye pekee mle chumbani aliyejua anachofanya.

Maandalizi yalikuwa safi: jozi ililishwa viluwiluwi vya mbu vya kutosha, jike akakaa kwenye chemni mpaka alipoonyesha mistari ya wima, kina cha maji sentimita 15, na jike akatolewa alipomaliza kutaga. Tuendelee.

Rudieni kipande chenyewe. Mayai yametagwa alasiri ya jana yake, maji yako nyuzi 28, kwa hiyo kuanguliwa usiku ule kulikuwa ndani ya muda. Vifaranga wananing'inia chini ya kiota cha mapovu, vichwa juu, mikia chini, kila mmoja na kifuko chake cha kiini tumboni. Hawajui kuogelea. Anayeachia povu anazama mpaka sakafuni, anajirusha mara mbili tatu, anaishiwa nguvu, analala. Dume anashuka, anamdaka kwa mdomo, njiani anamdaka na mwingine, anapanda nao. Ndipo mfugaji, aliyekuwa amezima taa ya tangi na kumulika kwa tochi ya simu, anaona mikia midogo ikichungulia kwenye midomo ya dume na kuamua kwamba watoto wanaliwa.

Tazameni mashavu. Dume anayekula hutafuna: taya linacheza, vifuniko vya mashavu vinafunguka na kufungika upesi, na akimaliza hana haja ya kwenda juu, anabaki palepale chini akitafuta mwingine. Anayebeba hatafuni. Anapanda moja kwa moja, anainua kichwa chini ya kiota, anamtema kifaranga pamoja na povu lililoshikana kwa ute, kisha anageuka kuangalia nani kaanguka tena. Katika kipande kile dume anapanda karibu kila safari. Mara moja tu anakwenda kujibanza kwenye kona ya nyuma akiwa amejaza mdomo, na hiyo ndiyo picha iliyogandishwa na kuzungushiwa duara jekundu. Lakini angalieni mwanga uko wapi. Tochi inamfuata! Alikuwa anaikimbia, na mzigo hakuuachia.

Na hata kama angekula, ningemlaumu mwenye tochi. Dume wa beta hula mayai na watoto wake hasa anaposhtuliwa, na wale wanaotaga kwa mara ya kwanza ndio wepesi zaidi kushtuka. Ndiyo maana wafugaji wa zamani, tangu mayai yanapoanguliwa mpaka watoto waogelee, waliacha mwanga hafifu usiku kucha ili baba aone anayeanguka. Hapa tumefanyiwa kinyume mara mbili: giza totoro, halafu ghafla taa ya macho.

Tuseme hofu ilikuwa ya kweli, kwa sababu wapo madume walaji na sitawatetea. Kuna njia ya kumtoa dume mapema na bado ukavuna watoto, na inajulikana. Lakini anayemtoa anarithi kazi yake. Unapunguza maji yabaki sentimita chache, ili kifaranga aliyelala sakafuni asiwe mbali na hewa ya juu. Unanyonya uchafu kwa mpira mwembamba, unatia methilini buluu kidogo kuzuia ukungu kwenye mayai yaliyochelewa. Unakesha. Mfugaji wetu aliacha sentimita 15 zilezile, akazima taa, akalala.

Sijamaliza na ule wavu. Kumtoa dume chini ya kiota kwa wavu ni ufundi wa mtu mwenye haraka. Unashusha bilauri upande wa mbali na kiota, unasubiri atoke mwenyewe kukagua ni nini, unainua. Yeye aliupitisha wavu katikati ya mapovu kutoka kushoto kwenda kulia. Kiota kilikatika vipande viwili, kimoja kikasukumwa hadi chini ya filta ya sponji na kuvunjwavunjwa na mapovu ya pampu. Kisha wavu unainuliwa mbele ya kamera, na mkirudia polepole mtaona vidoti vyeusi, viwili viwili, vimeganda kwenye nyuzi. Hayo ni macho ya vifaranga.

Asubuhi sakafu ilikuwa imejaa, na hukumu ikatolewa kwamba maji ya bomba yana klorini. Klorini gani hiyo iliyosubiri mpaka baba atoke? Mayai yalianguliwa katika maji yaleyale, kwa wingi, bila ukungu wa kutisha. Tatizo lilikuwa hapo sakafuni: masalia ya viluwiluwi, utando wa bakteria, hewa haba, na kiumbe asiyeweza kuondoka. Zilibaki kama siku mbili tu. Kiini kingekwisha, watoto wangelala mlalo na kuanza kuogelea wenyewe, na hapo baba anatolewa bila mjadala, maana kifaranga anayeogelea anaanza kufanana na chakula.

Nitaambiwa tena kwamba naishi zamani. Sawa. Wathai wamefuga samaki huyu kwa angalau miaka 400, kama uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2022 ulivyoonyesha, na Februari 2019 serikali yao ikamtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Kwa sehemu kubwa ya karne hizo hapakuwa na hita wala methilini buluu, na vifaranga walilelewa na madume. Marekani, Warren Young alipoishangaza miaka ya 1960 kwa beta wake wa mapezi marefu, aliowaita Libby kwa jina la mkewe, alikuwa anachagua samaki kwa jicho na subira. Gene Lucas aliandika tasnifu nzima ya udaktari kuhusu rangi na jinsia ya beta mwaka 1968, kisha akatumia miaka mingi kuwafundisha watu wa kawaida kwa safu za magazeti. Watu hawa walitazama kwanza, mkono ukafuata. Na hapa kwetu Dar, mzee mmoja wa Magomeni aliyekuwa akizalisha beta kwenye mabeseni uani aliweka koroboi kando ya beseni usiku wa vifaranga, akakaa kwenye kigoda na kikombe chake cha kahawa. Wavu sikuwahi kumwona nao.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye kamera. Ukiwaondoa madume wote mapema, hutajua kamwe yupi mlezi na yupi mlaji, na unaendelea kuzalisha kutoka kwa wote wawili. Wana wao nao wataondolewa mapema, kwa sababu hiyohiyo.

Hili la ulezi haliko mbali na ugomvi wangu wa siku nyingi na mikia ya nusu mwezi. Nyuzi 180 za mkia zinapendeza kwenye picha, lakini dume yule alikosa kumkumbatia jike mara kadhaa kabla hawajapatana, akizidiwa na nguo zake mwenyewe. Plakati, mwenye mapezi mafupi, angemaliza kazi mapema na kubaki na nguvu za kulea. Lakini plakati hauziki, tunaambiwa, watu wanataka shela.

Na yale majani! Mfugaji amefungua pakiti kutoka Asia, kakata kwa mkasi, kasoma maelekezo kwa sauti: majani ya ketapang, yanalainisha maji, yanazuia ukungu. Kweli kabisa. Ketapang ni mkungu. Mkungu uleule unaomwaga majani mekundu juu ya magari Upanga na kwenye fukwe zote za pwani hii. Okota yaliyoanguka yenyewe na kukauka, mbali na barabara yenye moshi, suuza, tumbukiza. Pesa ya pakiti angenunulia mayai ya artemia, ambayo hakuwa nayo siku yalipohitajika, akaishia kuwapa walionusurika kiini cha yai la kuku kilichochemshwa. Kiini kinaoza haraka kuliko kinavyoliwa. Infusoria zianzishwe kwenye chupa siku jozi inapowekwa pamoja, minyoo ya siki iwe tayari, halafu artemia waliototolewa siku hiyohiyo. Hakuna jipya hapo.

Wamebaki vifaranga wachache, na wanaonekana wazima. Kati ya wiki ya tatu na ya sita kiungo chao cha kuvutia hewa, labirinthi, kitakuwa kinajengeka, na watapanda juu kuvuta hewa kwa mara ya kwanza. Hewa hiyo inatakiwa iwe na joto na unyevu kama maji yaliyo chini yake, kwa hiyo tangi lifunikwe kwa kioo au nailoni na lisifunguliwe kwa muda mrefu asubuhi za Julai. Sehemu ya tano akiondoa kifuniko ili kamera ione vizuri, nitarudi.