Wembe Mmoja na Mkono Uliotulia

Kinyozi hodari huujua uso wa mtu kwa vidole kabla ya kuugusa kwa wembe. Hupitisha kiganja shavuni kutoka sikioni hadi kidevuni, kisha akashuka shingoni, akitafuta ndevu zimelalia upande gani. Mashavuni kwa kawaida zimeelekea chini. Shingoni zinaweza kupanda, kukata kando, au kuzunguka chini ya taya kwa namna ambayo hutaiona kwa mtu mwingine. Nimewatazama mafundi hawa kwa miaka mingi, hasa Mombasa, na naamini nusu ya kazi huisha katika upapasaji huo wa kwanza, ambao hauuzwi dukani.

Kinachouzwa dukani siku hizi ni kichwa cha plastiki chenye nyembe tano na utepe wa kuteleza. Je, kinastahili bei yake?

Mwaka 1903 kampuni ya Mmarekani King C. Gillette iliuza mashine 51 tu za kunyolea, na nyembe 168. Hataza yake ilitolewa mwaka uliofuata, na katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Marekani wakagawiwa mashine hizo, wakarudi nazo makwao. Lilikuwa wazo jema: bamba jembamba la chuma lenye makali pande mbili, likifa makali unatupa, huhitaji tena kinoo wala mkanda wa ngozi. Wembe huo siuoni kuwa adui wa ufundi. Ndio huu tunaounua mmoja mmoja kioskini pamoja na kiberiti. Yaliyofuata ndiyo yaliyotupotosha. Mwaka 1971 Gillette wakaweka nyembe mbili katika kichwa kimoja, 1998 zikawa tatu, 2006 tano. Wembe wa kawaida hauna tena hataza, kiwanda chochote kinaweza kuutengeneza, na faida yake ni ndogo. Kichwa kinachoingia katika mpini wa kampuni moja tu ni biashara nyingine kabisa: ukishanunua mpini, umefungwa.

Sisi wenye nywele za kipilipili tuna sababu nzito kuliko bei. Katika kichwa cha nyembe nyingi, wembe wa kwanza huuvuta unywele utoke kidogo kwenye tundu lake, na kabla haujarudi, wa pili huukata. Ukirudi, ncha yake huwa imezama chini ya ngozi. Unywele ulionyooka utatoka tena bila taabu. Unywele uliojikunja, tena wenye ncha kali, hujipinda na kuchoma nyama, mwili ukapambana nao kama unavyopambana na mwiba. Hapo ndipo vinapotoka vipele, usaha na madoa meusi yanayokaa shingoni miezi. Jeshi la Marekani kwa miongo kadhaa lililazimika kuwapa askari wenye tatizo hili, wengi wao weusi, vibali vya kutonyoa ndevu. Wembe mmoja nao hauondoi hatari yote, maana hata unywele uliokatwa juu ya ngozi unaweza kujikunja na kuingia tena, lakini huipunguza. Na mwenye vipele vilivyokithiri atafaidika zaidi na mashine ya umeme inayoacha ndevu fupi kuliko wembe wa aina yoyote. Vijana wetu wanaouguza shingo huambiwa wanunue krimu. Sisikii wakiambiwa waache nyembe tano.

Tazama basi kazi yenyewe inavyofanywa. Kwanza maji ya uvuguvugu na kitambaa, kwa sababu unywele mkavu ni mgumu na ukilowa dakika mbili tatu hulainika. Brashi huzungushwa juu ya sabuni hadi povu liwe zito. Kisha fundi huchukua wembe ukiwa bado ndani ya karatasi yake, akaukunja katikati hadi uvunjike, nusu moja akaitia katika mpini. Hufanya hivyo mbele ya mteja. Zamani wembe mmoja ungeweza kupita vichwa vingi. UKIMWI ulipoingia tukafundishwa kuwa damu ya mtu isikutane na ya mwenzake, na tangu hapo mlio ule wa chuma ndani ya karatasi umekuwa ahadi ya fundi kwa anayeketi mbele yake.

Wembe hulazwa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, ukafuata mlalo wa ndevu kwa mikato mifupi. Mkono haukandamizi. Mahali palipopita wembe huachwa, hata kama pana ukwaru kidogo, kwa maana uso unaong'aa sana leo ndio unaovimba kesho. Mwishoni ni maji baridi, kipande cha shabu cha kuzuia damu, na marashi ya mawaridi kwa anayeyapenda. Sijaona mafuta ya chupa ya bei kubwa yaliyoishinda shabu.

Mkono huo umekabidhiwa mambo makubwa. Kwa Waislamu wa pwani, mtoto mchanga hunyolewa siku ya saba, na wembe hupita juu ya utosi ambao bado ni laini. Bwana harusi naye huitiwa kinyozi nyumbani, akanyolewa jamaa zake wakiwa wamemzunguka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kazi ya namna hii ingefaa kuachiwa plastiki.

Jibu langu basi ni kwamba kwa shingo zetu, kichwa cha nyembe tano hakistahili bei yake. Nunua mashine ya chuma ya wembe mmoja, utaitumia miaka. Nenda kwa kinyozi kila unapoweza, dai wembe mpya, na umlipe bila kumpunja. Na mwanao akianza kuota ndevu, mpeleke kwa kinyozi kabla hujampeleka dukani.