Sifa ya Uteuzi: Juu ya Vipuri vya Seva Ndogo ya Nyumbani

Seva ya nyumbani ni kompyuta isiyo na mtu wa kuikalia mbele: haina skrini wala kibodi, huwekwa juu ya kabati au nyuma ya televisheni, huwashwa ikaachwa miaka, na kazi yake ni kutunza picha, hati, muziki na filamu za nyumba nzima na kuzitoa kwa simu au televisheni yoyote itakayoziomba. Kuiunda hakuhitaji zaidi ya bisibisi na jioni moja. Ustadi unaostahili sifa umo katika hatua inayotangulia, yaani kuteua vipuri, na mteuzi stadi hutambulikana kwa swali lake, kwani mnunuzi wa kawaida huuliza kipuri kinaweza nini, naye huuliza kitafanya nini katika saa yake mbaya, umeme ukikatika, diski ikifa, au televisheni ikiletewa filamu isiyoielewa.

Kwa hiyo huanza na diski, hata kama kasha zuri ndilo lililomvuta dukani. Kichakataji kikiungua hununuliwa kingine; video ya harusi iliyohamishwa kutoka kwenye kanda ambayo sasa imekwisha kuota ukungu, hiyo hainunuliki popote. Diski ya sumaku ni sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa umbali mdogo kuliko upana wa chembe ya moshi. Tangu IBM ilipotoa diski ya kwanza ya biashara mwaka 1956, yenye sahani 50 na nafasi ya herufi milioni 5 hivi, watengenezaji hawajaacha kubana data zaidi katika eneo lile lile, na mbinu mojawapo ya kubana inamhusu sana mteuzi wa seva ndogo. Mbinu hiyo hufupishwa SMR, na aliyewahi kuona paa likiezekwa ataielewa bila taabu: mistari ya data huandikwa ikilaliana kama makuti, kila mstari ukifunika ukingo wa ule uliotangulia, kwa kuwa kichwa cha kuandikia kinahitaji nafasi pana kuliko cha kusomea. Kusoma hakuna shida. Shida huja katika kubadilisha, maana kuti la chini halichomolewi bila kuinua yaliyolala juu yake, na diski ya namna hii hulazimika kuandika upya fungu zima la mistari kwa ajili ya badiliko dogo. Kwa anayehifadhi filamu mara moja na kuzitazama mara nyingi, hilo si neno. Lakini diski mwenzake inapokufa na data yote inapaswa kumiminwa juu ya diski mpya kwa saa nyingi mfululizo, diski ya makuti huenda ikachelewa mno kiasi cha programu kuihesabu nayo kuwa imekufa. Mwaka 2020 ilifichuka kwamba diski za aina hii, zikiwemo nyingine zilizotangazwa kwa ajili ya seva za nyumbani, zilikuwa zimeuzwa bila lebo kusema lolote, na watengenezaji wakalazimika kuchapisha orodha. Tangu hapo mteuzi makini hanunui diski kwa ukubwa na bei peke yake.

Jambo la pili ni idadi ya diski. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyopendekeza safu ya diski nyingi za bei nafuu, zenye ziada ya kufidia inayokufa, badala ya diski moja kubwa ya ghali. Mpango huo ndio unaojulikana hadi leo kwa kifupi cha RAID. Katika sanduku dogo, hata hivyo, hoja ya wingi hugeuka. Diski mbili kubwa zilizounganishwa kwa mtindo wa kioo, ambapo kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza huandikwa pia kwenye ya pili, hupoteza nusu ya nafasi, lakini hula umeme kidogo kuliko diski nne ndogo, hutoa joto kidogo, na hujengwa upya kwa njia iliyo rahisi kuliko zote, yaani kunakili. Ni haki kupendelea mbili. Ni lazima pia kukumbuka kwamba kioo si nakala rudufu: mtoto akifuta folda ya picha, inafutika pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Kichakataji ndicho kipuri kinachowapotosha wengi, kwa sababu matangazo huhimiza nguvu. Kutoa faili kupitia waya wa mtandao wa gigabiti moja kwa sekunde, ambao hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, ni kazi ya kichakataji chochote cha leo. Kazi nzito ni ya video. Filamu husindikwa kwa kanuni za kuipunguza ukubwa ziitwazo kodeki, kama H.264 ya mwaka 2003, HEVC ya 2013 na AV1 ya 2018, na televisheni isiyoijua kodeki mpya huitaka seva ifasiri filamu papo hapo, wakati watu wametulia wakitazama. Ufasiri huo ukifanywa na programu tupu huchosha hata kichakataji chenye nguvu. Ukifanywa na sehemu maalumu ndani ya chipu, kama ile ambayo Intel iliianzisha mwaka 2011 kwa jina la Quick Sync, kichakataji duni hutosha. Ndiyo maana chipu ya N100 ya mwaka 2023, iliyopangiwa wati 6 tu, ilipendwa upesi na waundaji wa seva hizi.

Wati zenyewe zina hesabu yake. Seva inayokula wati 30 usiku na mchana humaliza yuniti 263 hivi kwa mwaka, na mwenye kununua umeme kwa LUKU au kwa tokeni hahitaji kuelezwa maana yake. Hapa ndipo penye mtego wa pawa saplai. Hesabu ya kawaida hutazama matumizi ya siku nzima, ilhali mota ya diski kubwa, katika sekunde chache za kuanza kuzunguka, inaweza kuvuta ampea 2 hivi kwenye waya wa volti 12, mara kadhaa ya mahitaji yake ya kawaida. Pawa saplai huteuliwa kwa sekunde hizo. Umeme unakokatika mara kwa mara, betri ya akiba ihesabiwe kuwa kipuri cha seva tangu mwanzo, maana faili huharibika linapokatizwa katikati ya kuandikwa.

Kuhusu kasha na ubao mama maneno si mengi. Kipimo cha Mini-ITX, mraba wa milimita 170 kila upande uliobuniwa na VIA mwaka 2001, kinatosha, mradi matundu ya SATA, yanayochomekewa diski, yahesabiwe kabla ya kulipa. Uchunguzi wa Google wa mwaka 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba joto la wastani haliziui diski kwa kiasi kilichodhaniwa, hivyo feni moja pana inayozunguka polepole inafaa kuliko ndogo mbili zinazolia usiku kucha. Mwambao una adui mwingine, chumvi ya hewani, ambayo hula miguso ya shaba taratibu. Huko seva isiwekwe karibu na dirisha la upande wa bahari.

Msomaji anayekusudia kununua diski na aandike kwanza namba kamili ya modeli, hadi herufi ya mwisho, aitafute katika jedwali la mtengenezaji, na asitoe fedha mpaka aone kwamba mistari yake hailaliani.