BES kando ya klasta ya Exchange: jina linapohama, nini kinahama nalo

Katika miaka ya 2000, kampuni nyingi zilizotaka wakubwa wake wasome barua pepe za kazini wakiwa njiani zilinunua simu za BlackBerry za Research In Motion, kampuni ya Waterloo, Kanada. Simu peke yake haikutosha. Ilibidi kuwe na mtu wa kati, programu iitwayo BlackBerry Enterprise Server, au BES kwa mafundi. Kazi yake ilikuwa kuchungulia masanduku ya barua kwenye Microsoft Exchange, kufunga kila ujumbe kwa usimbaji wa Triple DES au AES, kisha kuusukuma hadi kwenye simu.

Kwenye ofisi yenye seva moja ya Exchange, ufungaji wa BES ulikuwa kazi ya kawaida. Ugumu ulianza pale Exchange 2003 ilipokuwa kwenye klasta, yaani mashine mbili au zaidi zinazotumia diski za pamoja ili moja ikizimika nyingine ipokee kazi. Hapo swali la kwanza la fundi lilipaswa kuwa hili: ninapoiambia BES iende kwa seva ya barua, inakwenda kwa nani?

Jibu ni kwamba inakwenda kwa jina. Klasta ina jina na anwani ya seva pepe visivyofungwa kwenye chuma chochote, vinavyoondoka mashine ya kwanza na kwenda ya pili pamoja na diski. Kwa hiyo BES yenyewe huwekwa kwenye mashine ya pembeni, nje ya klasta, na hakuna chochote chake kinachofungwa kwenye mashine za Exchange. Kinachotakiwa pale pembeni ni zana za usimamizi za Exchange, kwa sababu ndizo zinazoleta maktaba za MAPI na CDO ambazo BES huzitumia kuongea na masanduku. Outlook isiwekwe hapo, kwani huja na maktaba zake zinazogongana na hizo. Wasifu wa MAPI nao huandikwa jina la seva pepe.

Ruhusa ndizo zilizokula muda wa mafundi wengi, na nadhani hapo ndipo usanifu wa klasta unapoonekana vizuri kuliko popote. Akaunti ya huduma, ambayo kwa desturi iliitwa BESAdmin, ilipewa haki ya kutazama tu kwenye kundi la usimamizi, kisha Send As (kutuma kwa jina la mwenye sanduku), Receive As na Administer Information Store kwenye seva ya barua. Ruhusa hizi hukaa ndani ya Active Directory, saraka ya pamoja ya mtandao wa Windows, kwa hiyo mashine ikianguka hakuna kinachopotea. Mpangilio ulioandikwa kwenye rejista ya Windows ya mashine moja hauna uhakika huo.

Chukua kikomo cha Exchange 2003 cha vikao 32 vya MAPI kwa mtumiaji mmoja. BES hufungua masanduku mengi kwa akaunti ileile moja, hivyo hukifikia upesi, na kumbukumbu za matukio huandika namba 9646. Fundi anaweza kukipandisha kikomo kwenye rejista, na akisahau mashine ya pili, siku ya kuhama ndipo atakapojua. Lakini mwenye haki ya kuona hali ya hazina ya barua haguswi na kikomo hicho, na haki hiyo imo ndani ya ile ya kutazama tu. Njia ya ruhusa ni bora, kwa kuwa husafiri na jina.

Send As ina mtego wake. Mwaka 2006 Microsoft iliitenganisha na haki ya kulifungua sanduku lote, na simu zikaendelea kupokea huku zikishindwa kutuma. Fundi anairudisha, na kwa wasimamizi wa domeni inafutika tena ndani ya saa moja, kwa sababu Active Directory huwarudishia wanachama wa makundi yanayolindwa ruhusa za kiolezo kiitwacho AdminSDHolder. Dawa ya kweli ni kutotumia akaunti ya usimamizi kusomea barua.

Upande wa mtandao, BES ilihitaji mlango mmoja tu wa kutokea, 3101, kwenda kwa Research In Motion. Ndani ya ofisi ni tofauti. Exchange huiarifu BES kuhusu barua mpya kwa pakiti za UDP, na pakiti zinazotoka kwenye klasta zinaweza kubeba anwani ya mashine yenyewe badala ya ile ya seva pepe. Kama kuna ngome ya mtandao (firewall) kati yao, sheria zake ziruhusu anwani zote hizo. Zisiporuhusu, barua hufika kwa kuchelewa na lawama huenda kwa kampuni ya simu.

Kipimo cha mwisho ni kuihamisha klasta kwa makusudi, usiku, watumiaji wachache wakiwa kazini. Kwanza endesha IEMSTest, zana ya majaribio ya BES, ili kuhakikisha akaunti inafungua masanduku, hamisha, kisha iendeshe tena na utume barua kutoka kwenye simu. Vikao vya MAPI vitakatika na BES itajaribu kuunganika upya. Barua hazipotei, kwani asili yake iko sandukuni. Rudia zoezi hilo kuelekea upande wa pili pia, kwa sababu mashine iliyopokea vizuri haithibitishi lolote kuhusu mwenzake.