Mwacha Asili na Aliyenyimwa Asili: Kuisoma Jacaranda ya Gaël Faye

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi wetu huipenda kuitumia katika insha zao kuhusu utamaduni. Hata hivyo, tukiitazama kwa makini tutaona kwamba inamlaumu mtu mmoja tu, yaani yule aliyekuwa na asili mkononi akaitupa. Haisemi lolote juu ya mtoto aliyezaliwa ugenini, akalelewa na wazazi walioamua kutomwambia walikotoka. Je, huyo naye ameacha asili, au amenyimwa? Katika makala haya tunanuia kulijibu swali hilo kwa kuihakiki riwaya ya Jacaranda ya Gaël Faye, iliyotoka Ufaransa mwaka 2024 na kupata tuzo ya Renaudot mwaka huohuo.

Gaël Faye si mgeni kwa wasomaji wa hapa kwetu. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda aliyekuwa mkimbizi, akaondoka kwenda Ufaransa mwaka 1995 wakati nchi yetu ikiwa vitani. Alianza kujulikana kama mwanamuziki. Albamu yake ya mwaka 2013 ina neno "pili pili" katika jina lake, neno ambalo halihitaji kufasiriwa kwa mtu wa Buyenzi. Riwaya yake ya kwanza, Petit Pays (2016), ilipata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Inasimulia utoto wa Gabriel hapa Bujumbura kabla na baada ya mwaka 1993. Jacaranda si mwendelezo wa hadithi hiyo, ila ni ndugu yake. Gabriel alizaliwa huku akapelekwa kule. Milan, mhusika mkuu wa Jacaranda, alizaliwa kule, na ndiye anayelazimika kuja huku.

Kwa ufupi, Milan anakulia katika mji wa Versailles, naye pia ana baba Mfaransa na mama Mnyarwanda. Mama yake, Venancia, hazungumzii Rwanda hata kidogo. Mwaka 1994 mtoto huyu anaiona nchi ya mama yake kwa mara ya kwanza katika runinga, ikiwa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Baadaye analetwa nyumbani kwao mvulana aitwaye Claude, mwenye jeraha kichwani, kisha anarudishwa Rwanda bila maelezo ya kutosha. Mwaka 1998 Milan anafika Kigali pamoja na mama yake, na huko ndiko anakogundua kwamba ana bibi, ana jamaa, na ana maswali kuliko majibu. Baadaye anarudi tena na tena, hadi mwaka 2020. Katika safari hizo anafahamiana na Sartre, anayeishi na watoto wasio na wazazi. Na Eusébie, mama aliyenusurika. Na Stella, binti yake, ambaye anaupenda mti mmoja wa mjakaranda kuliko kitu chochote. Siri ya mti huo hatutaifichua hapa. Asiyeisoma riwaya na aisome.

Dhamira kuu ya riwaya hii, kwa maoni yetu, si mauaji yenyewe bali ukimya unaoyafuata. Wahakiki wengi huzungumzia mizizi kana kwamba ni mhogo uliozikwa ardhini, unaosubiri mtu aje na jembe auchimbe. Faye anatuonyesha jambo jingine. Mizizi ya Milan haikupotea kwa bahati mbaya, bali ilifichwa na mtu anayempenda. Venancia hanyamazi kwa sababu anaidharau asili yake. Ananyamaza kwa sababu kusema kunaumiza, na pengine kwa sababu anaamini kwamba mtoto asiyejua hawezi kuumia. Kosa la hesabu hiyo linadhihirika polepole: mtoto asiyejua huumia vilevile, ila haelewi anaumwa wapi.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza, na sisi walimu wa lugha hatuwezi kulipita. Katika Petit Pays mna kisa kifupi ambacho tungependa kila mzazi akisome. Bibi yake Gabriel anamlaumu binti yake kwa kutowasemesha watoto Kinyarwanda, akiona kwamba lugha ndiyo itakayowahifadhia utambulisho wao uhamishoni. Binti halijali jambo hilo. Kwake yeye watoto wale ni wazungu wadogo tu, hata kama ngozi zao zina rangi kidogo. Katika Jacaranda tunaiona gharama ya jibu la namna hiyo. Milan anaingia katika nyumba ya bibi yake akiwa kama bubu, naye anahitaji mtu wa kumfasiria kicheko, salamu na hata lawama. Anayetegemea mkalimani ili aongee na bibi yake hupewa maneno, lakini yale yaliyo baina ya maneno hupotelea njiani.

Kifani, mwandishi amefanya uamuzi mzuri sana katika msuko. Riwaya inaruka kutoka 1994 hadi 1998, kisha 2005, na kuendelea hivyo. Milan hapati ufunuo katika safari moja, kama tunavyoona katika filamu nyingi ambamo mtoto wa mhamiaji hushuka katika ndege, huonja chakula cha bibi, hulia, na hadithi ikaisha. Kila akirudi anakuta nchi imebadilika na watu wamebadilika, naye vilevile. Mahakama za gacaca zinafunguliwa na kufungwa, watoto wanakuwa watu wazima, nyumba zinavunjwa na kujengwa. Kwa hiyo asili anayoitafuta si kitu kilichosimama mahali pamoja kikimngoja.

Ishara ya mti nayo inastahili kutajwa. Mjakaranda, ambao maua yake ya zambarau tunayaona katika miji mingi ya ukanda huu, si mti wa asili ya Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini ukaletwa huku wakati wa ukoloni. Ni mhamiaji. Hata hivyo, Stella hana mti mwingine anaouita wake, na kumbukumbu ya familia yake imejishikiza hapo. Hatujui kama mwandishi alilikusudia hili, lakini matini inaruhusu usomaji huo. Mti wa kigeni unaweza kushika ardhi hadi ukawa shahidi wa wenyeji. Ikiwa ni hivyo kwa mti, kwa nini tunamdai mtoto wa mhamiaji athibitishe kwamba ni wa hapa?

Pamoja na sifa hizo, riwaya ina kasoro zake. Kwanza, Rosalie, bibi kizee aliyeishi zaidi ya miaka mia moja, amebebeshwa mzigo wa kutusomesha historia ya Rwanda tangu enzi za wafalme na wakoloni. Kuna kurasa ambazo tunasikia sauti ya kitabu cha historia badala ya sauti ya ajuza. Pili, Venancia anachorwa zaidi kama kitendawili cha kuteguliwa na mwanawe kuliko kama mtu kamili. Tunajua anachokificha, lakini hatujui vya kutosha anachokitaka. Tatu, Milan anatafuta asili akiwa na pasipoti ya Ufaransa mfukoni na nauli ya kurudi. Watoto wanaokaa na Sartre hawana nafasi ya kuuliza wao ni nani. Wanauliza watakula nini. Mwandishi anaiona tofauti hiyo, lakini haikai nayo kwa muda mrefu.

Ili kuipima vizuri kasoro hiyo ya tatu, tuilinganishe na riwaya ya Kiswahili ambayo wanafunzi wetu wengi wanaifahamu, yaani Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999). Yasmin ni binti wa jamii ya Wahindi wa Unguja, watu ambao wazee wao walivuka bahari. Kwa upande wake, asili haikufichwa hata kidogo. Alikuwa nayo tele, na kwa jina la asili hiyo aliozwa kwa Raza, mwanamume mwenye umri wa kumzaa. Alipomkimbia mumewe, jamaa zake walimfungia mlango, akapokewa na Mwajuma huko Ng'ambo. Yasmin hatafuti mizizi nyuma yake, bali anaiotesha mbele yake, katika taarabu, katika mapenzi na katika urafiki wa watu ambao jamaa zake hawakuwataka. Milan amenyimwa asili na Yasmin amefungwa nayo. Wote wawili hawana uhuru hadi pale wanapoamua wenyewe wachukue nini na waache nini. Basi utumwa ambao methali inautaja hauletwi na kuacha asili peke yake. Unaletwa pia na kutopewa nafasi ya kuchagua.

Tunayasema haya kwa sababu darasani kwetu wamepita vijana wa namna hiyo, wala hawakutoka Versailles. Ndugu zetu waliokimbia mwaka 1972 waliishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania kwa zaidi ya miaka 30. Kuanzia mwaka 2008 zaidi ya elfu 50 kati yao walichagua kurejea Burundi. Wengine wapatao 162,000 walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Watoto waliorejea walikuwa wamesoma kwa mtaala wa Tanzania. Walifika katika nchi ya babu zao wakiwa na Kiswahili fasaha, na Kifaransa hawakijui kabisa. Kirundi chao kiliwachekesha wenzao. Waliambiwa wamerudi nyumbani, kisha wakaitwa Watanzania. Milan alikuwa bubu kwa bibi yake kwa kukosa lugha. Vijana hawa walikuwa na lugha, lakini lugha hiyo ilichukuliwa kuwa ushahidi wa ugeni wao.

Kwa hiyo tunatofautiana kidogo na bibi yake Gabriel, ingawa tunamheshimu. Ni kweli kwamba lugha ya wazazi ni ufunguo, na mzazi anayeificha anamfungia mwanawe nje. Lakini lugha ya uhamishoni nayo ni sehemu ya urithi. Kijana aliyezaliwa Mishamo akilazimishwa kukificha Kiswahili chake ili aonekane Mrundi kamili, amenyimwa asili mara ya pili. Safari hii aliyemnyima si mzazi, bali ni sisi tulio shuleni na mitaani.

Walimu wenzetu tunawapendekezea mambo mawili. La kwanza, Jacaranda na Vuta N'kuvute zisomwe pamoja katika somo la fasihi linganishi, kwani kila moja inajibu swali ambalo nyingine imeliacha. Wanafunzi wetu wanasoma Kifaransa na Kiswahili pia, na ni wasomaji wachache duniani wenye uwezo wa kuzisoma riwaya zote mbili bila tafsiri. La pili, wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu waifikirie fasihi simulizi ya makazi ya wakimbizi: nyimbo, visa na methali zilizotungwa huko kwa Kiswahili na Kirundi kilichochanganyika. Wazee waliozihifadhi wanaendelea kupungua, na baadhi yao, kama Venancia, watasema tu iwapo atatokea mtu wa kuwauliza kwa adabu na kuwasikiliza bila haraka.

Jacaranda haikutungwa kwa ajili ya wanafunzi wetu. Hata hivyo, wapo miongoni mwao watakaoisoma wakaona kwamba swali walilolibeba peke yao lina jina, na kwamba kuliuliza si kumkosea mama.