Mathenge Haufi kwa Panga

Ukiukata mti wa mathenge kwa panga usawa wa goti, umeupogoa tu. Baada ya muda mfupi kisiki kitatoa mashina mengi mahali pa lile moja, yenye miiba na yaliyosongamana hata mbuzi hapiti. Wafugaji wa Marigat, Ng'ambo na Salabani, kando ya Ziwa Baringo, wameyaona haya kwa miaka.

Mti huu wenye asili ya Amerika uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni. Mwaka 2006 wakazi wa Ng'ambo waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu, Nairobi: malisho yamemezwa, na maganda yenye sukari yamewaozesha mbuzi meno. Mwaka 2008 mti huo ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Njia iliyopigiwa debe zaidi ni kuudhibiti kwa kuutumia: wenyeji waunde vyama, wakate, wachome makaa, wauze. Fedha zilipatikana kweli, na kwa familia iliyopoteza mifugo si jambo dogo. Lakini tazama kazi yenyewe shambani. Mchomaji huchagua mashina manene, kwa kuwa membamba hayampi makaa ya maana. Kisiki hukiacha, maana kukichimba ni jasho lisilolipwa, na tena kikichipua kitampa mavuno mengine. Hapo mathenge umegeuka zao. Eneo linakatwa kila mara na bado halirudi kuwa malisho.

Macho yanayochipua yako kwenye shingo ya mzizi, chini kidogo ya uso wa ardhi. Kwa hiyo kazi inayoua mti ni ya jembe na sururu: kufukua udongo kuzunguka kisiki, kisha kuukata mzizi mkuu chini ya macho hayo, angalau sentimita 10, na kwa mti mkubwa hata 30. Hakuna haja ya kuufuata mzizi wote, ambao huzama mbali sana kutafuta maji. Miche michanga ing'olewe kwa mkono wakati udongo una unyevu wa mvua.

Mathenge huenea pia kwa mbegu, na hili hupuuzwa. Ng'ombe na mbuzi hula maganda, mbegu ngumu zikapita tumboni zikiwa hai, zikadondoka na samadi kando ya maji na njia za mifugo. Ndiyo maana maganda yanapaswa kuokotwa na kusagwa kabla ya kulishwa. Mashine inayovunja mbegu hutoa chakula kizuri cha kiangazi na kuziua hapohapo. Inayoponda ganda tu na kuacha mbegu nzima haijasaidia kitu.

Palipofukuliwa pasiachwe wazi. Mbegu zilizolala udongoni hukaa hai kwa miaka, na ardhi tupu ndiyo zinayoingojea. Nyasi za kienyeji zipandwe mvua za kwanza, mifugo izuiwe mpaka zishike, na watu warudi kung'oa miche kila msimu.

Naziomba serikali za kaunti na wafadhili wa vyama vya wachomaji waache kuhesabu magunia ya makaa. Wawalipe watu kwa visiki vilivyofukuliwa na kwa ekari zilizoota nyasi.