Sheria ya Msingi ya mwaka 1960

Sheria ya Msingi ya Kongo, iliyotiwa sahihi Ubelgiji tarehe 19 Mei 1960, ilikuwa na vifungu zaidi ya 250. Ni maandiko marefu, na mengi yameandikwa kwa uangalifu. Lakini kifungu cha 22 ni kifupi mno: Mkuu wa Nchi huwaweka na kuwaondoa Waziri wa Kwanza na mawaziri.

Maneno hayo yalifuata katiba ya Ubelgiji. Kule mfalme alipewa uwezo uleule, ila desturi ya miaka mingi ilikuwa imekwisha kumfunga mikono. Hakumfukuza waziri aliyeaminiwa na Bunge. Maneno yaliletwa kwetu. Desturi haipakiwi katika ndege.

Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alimwondoa Lumumba, na mawaziri wawili, Delvaux na Bomboko, wakatia sahihi. Lumumba akatangaza kumwondoa Raisi, uwezo ambao sheria haikumpa kabisa. Tarehe 7 Baraza la Wabunge likatangua yote mawili. Nani aamue basi? Mahakama ya katiba ilitajwa katika sheria, lakini haikuwa imeundwa. Tarehe 14 akaamua Kanali Mobutu, mwenye askari.

Wengine husema kosa lilikuwa kiburi cha watu tu. Kiburi kilikuwapo, sikatai. Lakini waandishi walijua wanawaandikia wanadamu, si malaika. Katiba ya 2006, kifungu cha 78, imeongeza neno lililokosekana: Raisi humwachisha Waziri wa Kwanza pale huyu anapomletea barua ya kujiuzulu kwa Serikali.